Kompyuta ikisema fedha zimepungua, nani ameiba?

Kila wiki msomaji hufungua ukurasa huu kutafuta bei: mahindi yanauzwaje kwa gunia, saruji inauzwaje kwa mfuko, shilingi imesimama wapi mbele ya dola. Ni wachache wanaojiuliza bei hizo zimefikaje hapa. Kuna mtu aliyekwenda sokoni akauliza, mwingine akaandika, wa tatu akapiga chapa, wa nne akahakiki. Mmoja wao akiongeza sifuri moja kwa bahati mbaya, mfanyabiashara anaweza kununua ghali au kuuza kwa hasara.

Mlolongo huo wa watu, karatasi, mashine na taratibu ndio unaoitwa mfumo wa taarifa. Kila taasisi inao, iwe benki kubwa au duka la jumla lenye daftari moja na kalamu. Wiki hii tunaziacha bei kando kidogo ili tujifunze namna ya kuusimamia mfumo huo, kwa sababu ukisimamiwa vibaya hauli faida tu, bali unaweza kumpeleka jela mtu asiye na hatia.

Mfumo si kompyuta

Kosa la kwanza la mameneja wengi ni kudhani kwamba wakishanunua kompyuta na programu ya hesabu, tayari wana mfumo. Kompyuta ni chombo tu. Inahifadhi kile ilicholishwa na kujumlisha kwa haraka. Ikilishwa makosa, itajumlisha makosa kwa haraka hiyo hiyo, kisha itayachapisha kwenye karatasi safi inayomfanya bosi aamini.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa jumla wa saruji. Jumatatu asubuhi stoo ina mifuko 120. Mchana inapokelewa mifuko 300. Hadi Jumamosi imeuzwa mifuko 250. Kwa hesabu ya kawaida, inapaswa kubaki mifuko 170.

Lakini karani alipokuwa akiingiza mapokezi kwenye kompyuta, umeme ulikatika. Uliporudi, akadhani kazi yake imepotea, akaingiza mapokezi hayo upya. Sasa kompyuta inasema imepokelewa mifuko 600, hivyo stoo inapaswa kuwa na mifuko 470. Mtunza stoo anahesabu anapata 170. Kwenye vitabu kuna upungufu wa mifuko 300. Tuseme kila mfuko ni Sh. 16,000, huo ni upungufu wa Sh. 4,800,000.

Hapa ndipo meneja anapopimwa. Yule mwenye haraka atamwita mtunza stoo na kumwambia achague kukatwa mshahara au kwenda polisi. Yule anayejua kazi yake ataomba hati za kupokelea mzigo za wiki hiyo. Atakuta hati moja tu ya mifuko 300, na atajua kwamba kilichozidi ni maandishi. Saruji haijaibwa.

Yaliyotokea Uingereza

Msomaji anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya maduka madogo yasiyo na wataalamu. Sivyo. Mfano mkubwa umetoka Uingereza, katika shirika la Posta la nchi hiyo.

Mwaka 1999 Posta ilianza kufunga katika matawi yake mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL iliyokuwa mali ya Fujitsu. Matawi mengi yalikuwa yakiendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wenye duka mtaani na dirisha la posta ndani yake. Upungufu wa fedha ulipoonekana kwenye hesabu za tawi, wakala ndiye aliyetakiwa kuufidia.

Muda si mrefu mawakala wakaanza kuona upungufu wasioweza kuueleza. Wengine walilipa kwa akiba zao, wengine wakakopa. Waliopiga simu kuomba msaada walieleza baadaye kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Kati ya 1999 na 2015, mawakala zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu, wengi wao katika kesi zilizofunguliwa na Posta yenyewe. Mmoja wao, Seema Misra, alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mwaka 2010 akiwa mjamzito.

Kosa lenyewe wakati mwingine lilikuwa dogo kama lile la karani wetu wa saruji. Mwaka 2015 katika tawi la Dalmellington, Scotland, skrini iliganda wakati wa kupokea pauni 8,000. Mhudumu akabonyeza tena na tena, na mfumo ukaandika kwamba fedha hizo zimepokelewa mara 4, yaani pauni 32,000. Papo hapo ukatokea upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo.

Zaidi ya hayo, mafundi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi wakiwa mbali na kuzibadili bila wakala kujua. Kwa miaka mingi Posta ilikana jambo hilo. Ilibidi mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates, aliyenyang'anywa tawi lake mwaka 2003, waende Mahakama Kuu. Desemba 2019 mahakama hiyo ilithibitisha kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, Seema Misra akiwamo, na mwaka 2024 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kufuta hukumu nyingine nyingi kwa pamoja. Tume ya uchunguzi ilisema Julai 2025 kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na mkasa huo. Sheria hurudisha jina la mtu, lakini haiwezi kumrudisha aliyekufa.

Mafunzo kwa biashara zetu

Hapa kwetu pia kuna keshia wa duka kubwa, mhudumu wa pampu ya mafuta na msaidizi wa wakala wa fedha kwa simu, ambao hukatwa ujira kila mashine inaposema fedha zimepungua. Meneja mwenye wafanyakazi wa namna hiyo azingatie mambo manne.

Kwanza, kila tarakimu iliyo kwenye kompyuta iwe na hati nje ya kompyuta: stakabadhi, hati ya mzigo, taarifa ya benki. Tarakimu isiyo na hati isitumike kumhukumu mtu.

Pili, tenganisha kazi. Anayepokea mzigo asiwe ndiye anayeuingiza kwenye vitabu, na anayeingiza asiwe ndiye anayeidhinisha masahihisho. Kila mtu awe na neno lake la siri, na mfumo uonyeshe nani alibadili nini na saa ngapi. Sharti hili limhusu fundi wa kompyuta, na limhusu bosi pia.

Tatu, upungufu uwe swali kabla haujawa shtaka. Tafuta kwanza maingizo yaliyorudiwa, tarehe zilizokosewa na bei zilizobadilishwa. Kisha mali ihesabiwe na watu wawili, mhusika akiwapo. Baada ya hapo ndipo mzungumze.

Nne, weka daftari la hitilafu. Kila anayelalamika kwamba mashine imeganda au hesabu imeruka, aandikwe na tarehe yake. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuwa kisingizio, lakini yakitoka matawi matatu yakifanana, mchunguze mfumo kabla ya kumchunguza mtu. Posta ingeyaweka malalamiko ya mawakala wake mezani pamoja, isingekuwa rahisi kumwambia kila mmoja kwamba yuko peke yake.

Wapo watakaosema kwamba taratibu hizi zinawalea wezi. Wezi wapo, hilo hatubishi. Lakini mwizi hodari hupenda mfumo mbovu kuliko mtu yeyote, kwani akibanwa husema mashine imekosea na hakuna wa kumbishia. Hati na mafaili yale yale yanayomsafisha mwaminifu ndiyo yanayomnasa mwongo.

Wala gharama yake si kubwa. Kwa duka dogo ni nusu siku ya kuhesabu mali kila mwisho wa wiki, daftari moja na faili la hati. Mwenye duka asiye na karani aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hujafunga hesabu zako, chagua tarakimu tatu kutoka kwenye kompyuta na utafute hati zake. Ukizipata, vema. Usipozipata, usimwite mfanyakazi kwanza. Kaa chini, uuangalie mfumo uliouweka wewe mwenyewe.

Wiki ijayo ukurasa huu utarudi kwenye bei za masoko kama kawaida.