Mama Naye Ale Noeli

Desemba ikifika, akina mama wengi huanza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuwa na hasira za karibu. Wageni wanakuja kutoka mjini, nguo za watoto bado, na Januari shule inadai ada. Yote hayo yanaangukia mikono miwili!

Baba na mama waketi mapema, watenge kwanza ada na madaftari. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Mchele uchaguliwe na vitunguu vimenywe mchana wa tarehe 24, na vijana wa kiume wasaidie (kisu hakichagui mkono). Wala si lazima wageni wote waje tarehe 25: kipindi cha Noeli huendelea hadi Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari.

Mama anayetumia dawa za shinikizo la damu asiziruke kwa sababu ya pilikapilika. Na mama mjamzito akiumwa sana kichwa, akiona ukungu, au uso na mikono vikivimba, tusiseme ni uchovu wa sikukuu. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa Mkesha.