Dondoo muhimu: Wenzi wanaowatembelea marafiki Greyville, Durban

• Hati. Raia wa Kenya na Tanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka, lakini anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, ikiwemo Kenya, hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo, na ni busara wenzi wabebe barua ya mwaliko yenye anwani ya wenyeji wao.

• Majira. Mbio za farasi za Durban July, zilizoanza mwaka 1897, hufanyika Greyville kila mwezi Julai, na kwa kuwa wageni hufurika na bei za malazi hupanda, tarehe ya ziara ipangwe mapema pamoja na wenyeji.

• Matembezi. Bustani ya Mimea ya Durban, iliyoanzishwa mwaka 1849 jirani na uwanja wa mbio hizo, inahifadhi sikadi adimu iitwayo *Encephalartos woodii*, yaani mmea wa kale unaozaa koni badala ya maua, ambao jinsia yake ya kike haijawahi kuonekana porini.

• Historia. Wenzi kutoka Afrika Mashariki wawaulize wenyeji kuhusu Wazanzibari wa Durban, ambao ni wazao wa watumwa walioachwa huru, wengi wao wenye asili ya Wamakua, walioletwa huko kuanzia mwaka 1873.

• Adabu. Mgeni mwema huchangia chakula na nauli, husaidia kazi za nyumbani, na huwaachia wenyeji nafasi ya kupumzika.