Nyumba ya Miti na Udongo

Kindu ni mji mkuu wa Maniema, kando ya mto Lualaba. Mjini humo kuna nyumba za matofali. Lakini katika vijiji vingi vya Maniema watu hukaa katika nyumba za miti na udongo. Wengine huzidharau na kusema, "Nyumba hiyo ni ya miaka michache tu." Je, ni kweli?

Nyumba hiyo ina mwili kama mtu. Miti ni mifupa yake, udongo ni nyama yake, na paa ni kofia yake.

Kwanza fundi huchimba mashimo na kusimamisha nguzo. Juu ya nguzo hulaza miti mirefu ya kuzishika pamoja, na juu ya miti hiyo huweka miti ya paa. Kisha hufunga fito kwa kamba za msituni, ndani na nje ya nguzo. Huezeka paa mapema, ili mvua isiharibu udongo mbichi. Mwisho majirani huja kusaidia. Hukanyaga udongo na maji mpaka uwe laini, yaani potopoto, wakaujaza kati ya fito na kuukandika vizuri.

Basi, ni nini kinachobeba paa? Si udongo, ni nguzo. Udongo ukibanduka, nyumba bado imesimama. Lakini nguzo zikioza, nyumba yaweza kuanguka usiku, watu wakiwa wamelala ndani.

Nyumba ina maadui wawili: maji na mchwa. Maniema ni nchi ya mvua nyingi, na kiangazi chake ni kifupi. Nguzo iliyosimama katika udongo wenye maji huanza kuoza chini, karibu na ardhi. Mtu haoni kitu, kwa sababu udongo wa ukuta umeificha. Ndiyo maana nyumba nyingi hufa kwa miguu.

Mbali sana, katika nchi ya Uingereza, wakulima wa zamani walijenga namna hiyohiyo. Nyumba moja iitwayo Bayleaf ilijengwa katika jimbo la Kent mwanzoni mwa karne ya 15. Mifupa yake ni ya mwaloni, mti mgumu wa nchi hiyo. Mafundi walichonga ncha ya mti mmoja iwe kama ulimi, wakaiingiza katika tundu la mti mwingine, wakakaza kwa kigingi cha mti. Kati ya nguzo walisuka fito, wakazikandika kwa udongo.

Katika karne ya 20 watu walitaka kulijaza maji bonde lile, liwe ziwa la maji ya kunywa. Basi mafundi waliifungua nyumba mti kwa mti, wakaichukua, wakaisimamisha tena Singleton, katika jimbo la Sussex. Ipo huko mpaka leo, na watu huenda kuitazama. Umri wake ni yapata miaka 600.

Kwa nini nyumba za namna hiyo zimedumu? Waingereza wa kale nao walichimbia nguzo ardhini, nazo zikaoza. Baadaye wakajifunza kujenga ukuta mfupi wa mawe, kulaza mti juu yake, na kusimamisha nguzo juu ya mti huo. Hivyo miguu ya nyumba ilikaa pakavu. Tena watoto na wajukuu walitengeneza kila kilichoharibika.

Fundi wa Maniema naye ana akili zake. Huchagua mti mgumu kama mvule, na hupenda moyo wa mti, kwa kuwa sehemu ya nje huliwa upesi na mchwa. Huinua sakafu kuliko uwanja, na huchimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Hutokeza paa mbele ya ukuta. Watu wa pwani waliokuja Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 walikuwa na desturi ya kujenga baraza mbele ya nyumba. Baraza ni mahali pa kupokea wageni, lakini pia huukinga ukuta na mvua.

Kila mwaka, kabla kiangazi hakijaisha, baba mwenye busara huzunguka nyumba yake. Hubandua udongo kidogo chini ya kila nguzo, akaigonga kwa mgongo wa panga. Nguzo nzima hutoa sauti kali. Nguzo iliyooza hutoa sauti ya kitu kitupu. Hapo huegemeza paa kwa mti imara, akaondoa nguzo mbovu na kutia mpya kabla mvua haijarudi.

Methali yasema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini mwenye nyumba ya miti hutazama miguu kwanza, kisha ufa. Nyumba ya udongo si aibu. Aibu ni kuiacha bila kuitunza.

MASWALI

1. Katika nyumba ya miti na udongo, ni nini kinachobeba paa?
2. Kwa nini fundi huezeka paa kabla ya kukandika ukuta?
3. Waingereza wa kale walijifunza nini juu ya nguzo zao?
4. Fungeni vijiti vinne kwa kamba viwe mraba, kisha visukumeni. Ongezeni kijiti cha tano toka pembe mpaka pembe, msukume tena. Mmeona nini?
5. Tazameni nyumba moja karibu na shule. Maji ya mvua yanakwenda wapi?