Kabla Bango la Mkutano Halijaenda Kuchapwa

Msimu wa mikutano ya injili, bango halikosekani stendi wala sokoni: mhubiri kashika maikrofoni, magongo yametupwa miguuni pake, na juu maandishi mekundu yanasema vipofu wataona na viwete watatembea. Ukifika mwezi wa Ramadhani huja jingine: mtoto yatima kakumbatia mfuko wa unga, uso wake wazi kabisa, chini yake namba ya kutumia mchango. Nia yaweza kuwa njema. Ila aliyewekwa kwenye bango mara nyingi hakuulizwa, naye ndiye atakayebaki mtaani na picha ile maturubai yakishakunjwa.

Kama uko kwenye kamati ya matangazo ya kanisa, msikiti au taasisi ya dini, pitia mambo haya kwanza.

Maneno

Kiswahili chenyewe kina mtego. Kilema, kipofu na kiwete yanaanza na ki- kama kiti na kisu, na wengi wanaoitwa hivyo huhisi wamefanywa vitu. Andika "mtu mwenye ulemavu", "asiyeona", "mwenye ualbino" badala ya zeruzeru, na "anayeishi na VVU" badala ya mwathirika. Lakini usisahihishe kwa kukisia. Viziwi wengi hujiita viziwi, na chama chao Tanzania, CHAVITA, ni Chama cha Viziwi. Wanalolikataa ni "bubu", kwa kuwa lugha wanayo: lugha ya alama. Kwa hiyo uliza wahusika.

Hili si suala la adabu tu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unazitaka nchi zipambane na dhana potofu juu yao.

Picha

"Sawa, nipigeni" ya mtu mwenye njaa, inayotolewa mbele ya aliyeshika unga, si ridhaa. Toa msaada kwanza, kisha omba picha, na mweleze kuwa akikataa hapotezi kitu. Mwoneshe itakapotumika: bango, WhatsApp au televisheni. Kwa mtoto, zungumza pia na mzazi au mlezi. Mara nyingi magunia na mikono inayopakua vyatosha.

Usichapishe pamoja sura, jina na makazi ya mtu mwenye ualbino. Tanzania watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina. Tangazo lisiwe ramani.

Ushuhuda

Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usitangaze kuwa fulani amepona VVU, kisukari au kifafa, wala usimshawishi yeyote kuacha dawa. Anayeamini amepona arudi kwa daktari wake akapimwe, huku akiendelea na dozi.

Mwaliko

Tangazo linawaita wenye ulemavu. Uwanjani jukwaa lina ngazi tu, choo hakipitishi kiti mwendo, na mkalimani wa lugha ya alama hayupo. Andaa hivyo kwanza, kisha uviandike kwenye bango. Tena usiwaite kama wagonjwa peke yao. Abdullah ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa mwadhini wa Mtume Madina. Nanyi mnaye mwanakwaya, mwalimu wa madrasa au mweka hazina mwenye ulemavu? Akiridhia, bango limwoneshe kwenye kazi yake.

Tangazo likikudhalilisha

Lipige picha, andika tarehe na mahali, kisha uwaone viongozi wa taasisi husika. Wasiposikia, Tanzania wasiliana na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Kama ni sura au taarifa zako zilizotumika bila idhini, malalamiko huenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania, au Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa Kenya.

Jaribio la mwisho

Injili inasimulia kwamba Yesu, kabla ya kumponya Bartimayo asiyeona, alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Haja yake ilionekana wazi, na bado aliulizwa. Nanyi kabla ya kwenda kwa mchapaji, mpelekeeni rasimu mmoja wa wale mliowataja. Msomeeni kwa sauti, neno kwa neno, mwelezeni na picha ilivyo. Kisha nyamazeni, mumsikilize.