Shairi la Kutazamwa: Namna ya Kulikusanya, Kulielezea na Kulitunza

Mtu akinakili jina la kanga kwenye daftari, amehifadhi msemo tu. Kanga yenyewe, pamoja na pindo, mji na rangi zake, hakuipata. Ndivyo yalivyo mashairi ya kutazamwa, ambayo wengine huyaita ushairi konkreti. Maana yake haikai katika maneno peke yake. Imo pia katika mahali neno lilipowekwa, ukubwa wa herufi, rangi ya wino na jinsi karatasi ilivyokunjwa. Kwa hiyo anayeyakusanya ana kazi mbili: kutunza kitu chenyewe, na kuandika maelezo yatakayomfanya msomaji akione hata kama hakipo mbele yake.

Eugen Gomringer, mshairi wa Uswisi aliyezaliwa Bolivia, ana shairi mashuhuri la miaka ya 1950 lenye neno moja tu la Kijerumani, la kunyamaza. Neno hilo limerudiwa mara 14 katika mistari mitano, na katikati kabisa, kwenye mstari wa tatu, pameachwa pengo. Pengo hilo ndilo moyo wa shairi. Ukiandika kwenye katalogi yako "shairi fupi kuhusu ukimya", umeliacha shairi nje.

1. Weka mpaka

Ruth na Marvin Sackner wa Miami, Marekani, walianzisha hazina yao mwaka 1979. Ilifikia takriban kazi 75,000, na mwaka 2019 ikahamia Chuo Kikuu cha Iowa. Wewe anza na eneo moja unaloweza kulimudu: mshairi mmoja, nchi moja, au mbinu moja, mathalani mashairi ya taipureta. Ili uijue ramani, tafuta antholojia ya Emmett Williams ya mwaka 1967 na ile ya Mary Ellen Solt ya mwaka 1968. Humo utakutana na kundi la Noigandres la São Paulo, Brazili: ndugu wawili Haroldo na Augusto de Campos, na mwenzao Décio Pignatari. Kwa Kiswahili, pekua diwani za Kithaka wa Mberia wa Kenya, uone anavyoupanga ukurasa.

2. Okota vidogo

Mengi ya mashairi haya hayakutoka kwanza katika vitabu vinene. Yalitoka kwenye kadi, mabango, karatasi zilizokunjwa na majarida madogo. Ian Hamilton Finlay wa Scotland, aliyeshiriki kuanzisha Wild Hawthorn Press mwaka 1961, alitoa matoleo 25 ya jarida la Poor. Old. Tired. Horse. kati ya 1962 na 1967, pamoja na kadi nyingi za mashairi. Uliza kwa wauza vitabu vya mitumba, na waandikie washairi walio hai. Kazi ikija kwa posta, usitupe bahasha: muhuri wa posta unaweza kuwa ndio tarehe pekee utakayoipata.

3. Toa namba siku hiyo hiyo

Tumia mwaka na mfuatano, kama 2025-001. Iandike kwa penseli laini kwenye pembe ya nyuma, bila kukandamiza. Karatasi ikiwa ya kung'aa, andika namba kwenye bahasha ya kuhifadhia. Namba ikishatolewa haitumiki tena, hata kazi ikiuzwa au kupotea.

4. Andika kile jicho linachokiona

Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Weka safu hizi:

- Jina la mshairi, kwa umbo moja la kudumu, na jina kama lilivyo kwenye kazi. Dom Sylvester Houédard, mtawa wa abasia ya Prinknash, Uingereza, alitia sahihi "dsh" kwa herufi ndogo; bila safu hizi mbili, mtu mmoja atageuka wawili.
- Kichwa. Kama hakipo, andika "hakina kichwa" kisha maelezo mafupi, usibuni.
- Mchapishaji, mahali, mwaka, namba ya nakala na sahihi.
- Vipimo kwa milimita: urefu kwanza, kisha upana, kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi.
- Mbinu: taipureta, kaboni, stensili, herufi za kubandika, skrini au ofseti.
- Umbo: maneno yamepangwaje, yanaelekea wapi, wapi pako wazi.
- Lugha, hali ya karatasi, ulikoipata na bei.

Safu ya umbo ndiyo ya kuitolea jasho. Kwa lile shairi la Gomringer ungeandika: "Neno moja, herufi ndogo tupu, mistari mitano. Kila mstari una neno mara tatu, isipokuwa wa tatu ambao una mawili na pengo katikati."

5. Piga picha zaidi ya moja

Piga mbele, nyuma na kila mkunjo, ukiweka rula pembeni. Finlay alitengeneza kadi za kukunjwa zilizokusudiwa kusimama mezani. Kadi ya namna hiyo ipigwe ikiwa imelala na ikiwa imesimama. Ipe picha namba ile ile ya kazi. Kabla ya kuiweka hadharani, omba ruhusa kwa mwenye haki.

6. Linda karatasi

Ondoa pini, klipu na mipira. Usitumie selotepu, wala usilamineti. Tumia bahasha za poliesta au karatasi isiyo na asidi. Plastiki ya PVC huweza kunata kwenye wino. Nakala za kaboni huchafuka zikisuguliwa, na herufi za kubandika hubanduka, kwa hiyo zilaze bapa, moja moja. Pwani, ambako unyevu huleta ukungu, weka masanduku juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, na uyakague mara kwa mara.

7. Jaribu rekodi yako

Chagua kazi moja, ficha picha yake, kisha msomee rafiki maelezo uliyoandika na umwombe achore anachosikia. Mchoro ukikaribiana na kazi, rekodi imekamilika. Ukitofautiana, mahali alipokosea ndipo pa kuongeza maneno.