Kabla ya Kuiamini Orodha, Tazama Mipangilio Yake



Katika miji kama Busia, Malaba na Mutukula, wakala wa pesa za simu, wakala wa forodha na kamera za ulinzi huweza kutegemea mtandao mmoja wa Wi-Fi. Mgeni asiyealikwa akiingia humo, nyaraka za wateja zimo hatarini.

Programu ya kusimamia usalama wa mtandao hutoa orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Wengi huona humo majina wanayoyajua, wakaridhika. Hata hivyo, orodha huonyesha tu kile ambacho programu imeagizwa kukitafuta. Maagizo hayo hukaa katika mipangilio ya ugunduzi wa vifaa. Tuyasome mambo matatu.

Kwanza, eneo la upekuzi. Mtandao mdogo wa kawaida una nafasi za anwani 254, kwa mfano kuanzia 192.168.1.1 hadi 192.168.1.254. Ikiwa upekuzi umepangwa kuishia 192.168.1.100, kifaa chenye anwani 192.168.1.150 hakitaonekana kamwe, hata kiwe kimeunganishwa mwaka mzima.

Pili, ratiba. Programu inayopekua mara moja tu, saa nane usiku, haitaiona simu inayoingia mchana na kuondoka jioni. Mwenye duka apange upekuzi katika saa za kazi pia.

Tatu, njia. Programu nyingine hubisha hodi kwa kila anwani na kusubiri jibu. Zipo kompyuta zilizozuiwa kujibu, nazo huhesabiwa kana kwamba hazipo. Programu ikiruhusu, ichaguliwe zaidi ya njia moja, na orodha ilinganishwe na ile ya ruta yenyewe.

Tunatoa tahadhari moja. Simu za Android tangu toleo la 10, na iPhone tangu iOS 14, kwa kawaida huficha namba ya kiwandani ya kifaa na kutumia ya kubuni. Kwa hiyo, kifaa kigeni katika orodha chaweza kuwa simu ya mwanao. Tusimtuhumu jirani, wala mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu ya jina tusilolifahamu. Tuwaulize kwanza watu wa nyumbani na wa kazini. Shaka ikibaki, tuhifadhi picha ya orodha pamoja na tarehe na saa, tubadilishe neno la siri, kisha tutoe taarifa kituoni.

Aidha, kila mmoja apekue mtandao wake tu. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Pande zote mbili za mpaka, kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini ni kosa.

Orodha fupi si ushahidi wa usalama, na jina geni si ushahidi wa uhalifu. Tuanze na mipangilio, ndipo tuhukumu.