Mwanangu hatulii, nimpeleke kwa nani?

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buganguzi, wilayani Muleba. Shida yangu ni huyu wa pili, wa kiume, ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Hatulii. Ukimtuma chumvi dukani anarudi na senene mkononi. Chumvi hana, hela hajui imeangukia wapi. Darasani anasimama ovyo, anajibu swali kabla halijaisha, kalamu anapoteza kila wiki. Mwalimu anasema ni mjeuri na anachapwa karibu kila siku. Mama mkwe anasema nimemdekeza, mchelea mwana kulia hulia yeye, na sasa anataka tumpeleke kwa mganga. Alipokuwa na miaka 3 alilazwa kwa malaria kali, akapata degedege. Ndugu za baba yake wanasema hata baba alikuwa hivyohivyo utotoni. Dada yangu wa Dar es Salaam kaniambia ni ADHD, nitafute mtaalamu wa saikolojia. Huku kwetu nitampata wapi? Na dawa zake si zitamfanya mtoto zezeta?*

*Mama wa Watatu, Buganguzi*



Kabla sijajibu maswali yako, nikuondolee lawama: hujamharibu mtoto huyu kwa malezi. ADHD ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua, hasa ile sehemu inayomsaidia mtu kujizuia, kupanga mambo na kukumbuka alichotumwa. Mwanao anajua vizuri kwamba katumwa chumvi. Kinachomshinda ni kuishikilia chumvi hiyo akilini senene anaporuka mbele yake. Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo maneno ya ndugu za mumeo si umbea. Yatunze, daktari atayahitaji.

Wala si ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2017 madaktari wa Kampala walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto waliofika kliniki za magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu katika Hospitali ya Mulago. Takriban asilimia 11 walikuwa nayo.

Lakini si kila mtoto asiyetulia ana ADHD, na dada yako hawezi kuithibitisha kwa simu. Daktari hutafuta mambo kadhaa kwa pamoja: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, zinaonekana nyumbani na shuleni pia, na zinamkwamisha mtoto kweli. Kisha lazima aondoe sababu nyingine. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huanza kuchezea wenzake. Mwenye upungufu wa damu, au anayeshinda shule na njaa, hawezi kutulia na hesabu.

Kwa mwanao kuna jambo jingine zito zaidi: ile malaria ya miaka 3. Watafiti waliofuatilia watoto wa Uganda waliopona malaria ya ubongo waliona baadhi yao wanabaki na udhaifu wa umakini. Degedege nalo linaweza kuacha kifafa, na kuna kifafa kisichomwangusha mtu: mtoto anakodoa macho sekunde chache, haitiki, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Mchunguze kama ana hali hiyo. Na kama tangu wakati ule anatumia fenobabitoni, beba kopo lake uende nalo kliniki. Dawa hiyo ya kifafa inaweza kumfanya mtoto achangamke kupita kiasi. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Sasa, umpeleke wapi? Usianze na mtaalamu wa saikolojia. Waliobobea kwa watoto ni wachache nchini na wengi wako miji mikubwa. Tena anayeandika dawa ni daktari. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, apimwe malaria na wingi wa damu, kisha omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya wilayani, kama Rubya. Ukifika pale mapokezi usiseme tu "mtoto msumbufu". Sema unaomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ukimkuta ni muuguzi au tabibu, usivunjike moyo. Msimulie kila kitu. Hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, na juu yake Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako kuna madaktari bingwa wa magonjwa ya akili. Kila hatua dai barua, hasa kama mna kadi ya bima. Dar es Salaam iwe ya mwisho, ikibidi.

Usiende mikono mitupu. Chukua daftari lake la hisabati. Huenda ukakuta hesabu mbili za kwanza kazipata, ya tatu imeishia katikati, ya nne haipo, na pembeni kachora pikipiki. Ukurasa wa namna hiyo unamweleza daktari mengi kuliko neno "mjeuri". Mwombe na mwalimu wa darasa aandike nusu ukurasa tu: mtoto anafanya nini, saa ngapi, katika somo gani.

Ikithibitishwa kuwa ni ADHD, matibabu hayaanzi na kidonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nchi kama yetu unaweka mbele mafunzo kwa wazazi, na dawa hufuata kwa ushauri wa mtaalamu. Maana yake sehemu kubwa ya tiba utaitoa wewe, na mengine unaweza kuyaanza leo. Ukitaka kumtuma, mwite jina, subiri akutazame, mpe agizo moja tu, alirudie kwa mdomo wake ndipo aondoke. Usimwambie asafishe kibanja. Mwambie akusanye majani makavu ya migomba mpaka kwenye mbuni ule, aje, ndipo umpe kipande cha pili. Akimaliza, msifu palepale na utaje alichokifanya. Akikosea, adhabu iwe ndogo na iishe siku hiyo: akose mpira jioni ya leo, si wiki nzima. Na alale mapema, saa ileile kila siku.

Shuleni nenda kwa upole, ikiwezekana na baba yake. Omba akae mbele, mbali na dirisha, apewe hesabu chache kwa mara moja, na awe yeye wa kugawa madaftari au kufuta ubao ili apate kunyanyuka bila kuvunja sheria. Kuhusu viboko, mwalimu wa darasa hana ruhusa ya kujichapia kila siku. Kanuni zinasema ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, visizidi 4, na viandikwe kwenye kumbukumbu. Mkoani Kagera hatuhitaji kukumbushwa sababu: Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Wakikupuuza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto.

Kuhusu dawa za ADHD, inayojulikana zaidi ni methylphenidate, ambayo hutolewa kwa watoto kuanzia miaka 6. Inaongeza nguvu ya zile kemikali za ubongo zinazosaidia umakini, na ile ya muda mfupi hufanya kazi kama saa 4. Haimfanyi mtoto zezeta kipimo kikiwa sahihi. Akiwa mzito au mkimya kupita kawaida, rudi kliniki kipimo kiangaliwe upya. Inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha hupimwa mara kwa mara. Usishangae ukiambiwa haipo. Mwaka 2019 na tena 2021 maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa, na hospitali nyingi hununua kwa kufuata orodha za namna hiyo. Daktari anaweza kukupa mbadala. Usinunue kwa msafiri wala kwa mtu wa mtandaoni. Ni dawa inayodhibitiwa. Na ukipewa dawa ya kumlaza tu ili nyumba itulie, uliza inatibu nini.

Kwa mama mkwe usiende na ugomvi. Methali yake inamhusu mtoto aliyedekezwa. Huyu anachapwa karibu kila siku na hajabadilika, kwa hiyo fimbo imeshajaribiwa ikashindwa. Mwombe akusindikize Rubya. Yeye ndiye anayekumbuka utoto wa mumeo. Mganga akitaka kumchanja chale mtoto au kumwachisha dawa za hospitali, kataa.

Na mumeo asisikie habari hii kama tusi. Kama hata leo anapoteza vitu na kuacha kazi njiani, naye azungumze na daktari huyohuyo. Watu wazima pia hutibiwa.

Mwanao ana miaka 9 na huenda hajaichukia shule bado. Mpeleke mwezi huu, kabla hajaichukia.